Watu Sita, Mausi Moja

Baldur's Gate ilifika Buruburu ikiwa CD tano ndani ya mfuko wa nailoni, kila moja imeandikwa nambari yake kwa kalamu ya maka, na ya tatu ina mkwaruzo tuliokuja kuujua kama dereva wa matatu anavyoyajua mashimo ya njia yake. Kaka yangu aliinunua River Road, kwa kijana aliyemwapia kwamba ni gemu ya vita. Hakumdanganya sana. Ilikuwa imetoka Desemba 1998, kazi ya BioWare ya Edmonton, Kanada, kampuni ambayo miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo madaktari waliosomea kutibu watu. Kwetu ilitua mwaka 2000, mwaka wa mgao wa stima, na mgao huo una sehemu yake katika habari hii.

Watu wa rika langu kutoka Buruburu, Umoja na Donholm wakikutana leo kwenye kamati ya harusi au matanga, haipiti saa kabla mmoja hajachokoza: ipi ilikuwa kali zaidi, Baldur's Gate ya pili au Planescape: Torment? Na Icewind Dale je? Na wale wa Final Fantasy, ambao hatukuwahi kuwahesabu kama wenzetu? Nimeyasikiliza mabishano haya miaka mingi, mengine nikiwa mimi ndiye ninayepaza sauti, na sasa nina dai langu. Mwambie mtu akuonyeshe alikokaa wakati gemu ikichezwa, nami nitakwambia gemu atakayoisifu.

Nianze na chumba. Buruburu ilianza kujengwa 1973, nyumba za vigae vyekundu za watu wenye mshahara wa mwezi, kila moja na kiua chake. Kufikia miaka ya tisini, viua vingi vya kando ya barabara vilikuwa vimeota ekstensheni: chumba kimoja cha mawe, mlango wa chuma, kibango. Hapa kinyozi, pale duka la dawa, kule saluni. Jirani yetu wa Phase 3 alipunguzwa kazi serikalini wakati ule watumishi wa umma walipokuwa wakirudishwa nyumbani kwa maelfu. Sehemu ya malipo yake akaitia kwenye kompyuta ya mtumba iliyotoka Uingereza, printa, na mashine ya fotokopi iliyonguruma hadi jirani wa pili. Mchana mashine hizo zilitoa barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi na karatasi za mitihani ya shule za karibu. Jioni, akishafunga hesabu zake, alimwachia mwanawe funguo kwa sharti kwamba hakuna soda wala chapati karibu na kibodi.

Kompyuta hiyo haikuwa na spika. Ofisi ya kupiga chapa inataka spika za nini? Kwa hiyo gemu iliyosifiwa duniani kwa sauti za waigizaji wake sisi tuliicheza bubu, na sauti tukaziweka wenyewe. Minsc, lile jitu lenye kipara na kichwa kilichoguswa kidogo, lilizungumza kama makanga wa matatu ya 58 saa kumi na mbili jioni. Nilipokuja kumsikia Minsc halisi, baada ya miaka, nilimwona wa bandia.

Mchezo wenyewe ni hivi. Unaunda mtu wako, kijana aliyelelewa na mchawi mzee katika ngome ya vitabu. Mzee anauawa, kijana anatoka duniani, na njiani anakutana na watu wanaoweza kuandamana naye. Wamo 25 katika gemu nzima, lakini kikosi hakizidi sita. Wote sita unawaongoza wewe: unawavisha, unawapanga, unasimamisha vita kwa kubonyeza spesi, unampa kila mmoja amri, kisha unaachia.

Sita hiyo ina asili yake. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani 1974, nao ulikuwa wa marafiki: kila mmoja ana mhusika wake, ana karatasi yake na dadu zake, na mmoja wao ndiye msimulizi. Mwaka 1981 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, wakatoa Wizardry kwa kompyuta za Apple II. Humo mchezaji mmoja aliweza kuongoza kikosi cha watu sita gizani. Ikafuata The Bard's Tale mwaka 1985, Pool of Radiance mwaka 1988, na nyingine zilizofuata njia hiyo hiyo. Marafiki wote wa mezani wakawa wamemezwa na mashine, akabaki mtu mmoja chumbani kwake na vinyago sita. Huko zilikotengenezwa, watu wengi waliozipenda gemu hizi walizipenda hivyo, peke yao, usiku.

Buruburu hakukuwa na mtu aliyekuwa peke yake na kompyuta. Ilikuwa moja, na sisi tulikuwa wengi. Kwa hiyo, bila kumjua Gygax wala meza yake, tukawatoa wale marafiki tumboni mwa mashine na kuwaketisha tena kwenye benchi.

Ilianza likizo ya Agosti. Kaka yangu alikuwa mwenye CD, basi mhusika mkuu akawa wake. Mwana wa mwenye ofisi alikuwa mwenye funguo, basi akapewa Imoen, wa kwanza kujiunga. Alinuna, kwa kuwa Imoen ni msichana. Wengine wakapanga foleni: kila mtu mpya akijiunga na kikosi ndani ya gemu, wa mbele kwenye foleni anamchukua na kusogea kwenye benchi. Wawili wa kwanza kutokea njiani, Xzar na Montaron, walipigiwa kura wakakataliwa kwa sura zao. Kugawana nafasi hakukuwa kugeni kwetu. Tulikuwa tumetoka juzi tu kwenye kalongolongo, ambako mmoja ni baba, mmoja ni mama, na mdogo kuliko wote ni mtoto au mbwa. Mdogo wetu wa darasa la tatu, aliyekuja kumwita kaka yake chakula cha jioni na kukataa kuondoka, alipewa Boo. Boo ni panya mdogo wa kufugwa anayebebwa na Minsc. Hapigani, hana zamu, hana lolote. Kila jioni mtoto yule alikaa kwenye debe karibu na mlango, akiuliza kama Boo yuko salama.

Aliyeshika mausi tulimwita dereva. Kazi yake ilikuwa kutii. Akigusa mtu wa mwenzake bila ruhusa alishushwa.

Mimi sikuwa na mtu. Nilikuwa msichana pekee, kidato cha pili, na kazi yangu ilitokana na kadi ya maktaba ya Makadara: nilisoma Kiingereza haraka kuliko wote. Kila kilichoandikwa kilipitia kinywani mwangu. Nilikaa kulia kwa kioo, nikisoma mstari kimoyomoyo na kuutoa kwa Kiswahili cha mtaani papo hapo, kisha nikiwatajia majibu tunayoweza kutoa ili wapige kura. Siku moja jibu la tatu lilikuwa la kipuuzi sana nikaliruka, nalo likaja kugundulika ndilo lililokuwa na zawadi. Waliniwekea msimamizi kwa wiki nzima.

Kuna pambano moja ambalo kila aliyecheza Baldur's Gate mapema analikumbuka. Unafika kwenye ngazi za nyumba ya wageni iitwayo Friendly Arm, umechoka, kikosi chako ni kichanga, hata dubu mmoja anakutosha. Mchawi aitwaye Tarnesh anashuka kukusalimu. Nikasoma salamu zake. Zilikuwa za adabu. Kabla sijamaliza kuzitafsiri ameshajigawa picha kadhaa zinazofanana naye, na watu wetu wametiwa woga wanatimua mbio ovyo, hawasikii amri. Kaka yangu akauawa pale pale. Mhusika mkuu akifa gemu imekwisha, hata wengine wawe wazima. Tukarudia, akafa. Tukarudia tena, na wale wa foleni, ambao watu wao Khalid na Jaheira walikuwa wakiwangoja ndani ya jengo lile lile, wakaanza kupandisha hasira. Ndipo mwana wa mwenye ofisi akasema taratibu kwamba Imoen ana fimbo ya uchawi begini mwake tangu mwanzo na hakuna aliyemuuliza. Tukamsimamisha mbali, spesi, fimbo, spesi, fimbo. Tarnesh akaanguka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka mtu kwa kupewa msichana.

Khalid na Jaheira ni mume na mke, na ukimfukuza mmoja wote wawili wanaondoka. Tuliwapa mapacha wa Phase 2. Minsc alikwenda kwa mvulana mrefu kuliko wote, na mchawi wake, Dynaheir, ambaye lazima kwanza umwokoe kwenye ngome ya majitu, kwa yule aliyesubiri kwenye foleni muda mrefu kupita wote. Hicho ndicho kilikuwa kikosi.

Na stima? Ukame ulikuwa umeshusha maji ya mabwawa ya mto Tana, na nchi iliyotegemea mabwawa kwa sehemu kubwa ya umeme wake ikawa inagawiwa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa. Katika gemu hizi unaweza kuagiza ulipofika pahifadhiwe, na agizo la haraka ni herufi Q. Balbu ikipepesa kidogo, benchi zima lilipiga kelele «Q!» na dereva akabonyeza. Herufi hiyo ilifutika kwenye kibodi kabla ya nyingine zote, katika ofisi iliyopiga chapa Kiingereza kutwa. Jirani hakuwahi kutuuliza kwa nini.

Baldur's Gate ya pili ilitoka Septemba 2000, CD nne, nasi tuliipata mwaka uliofuata. Waandishi wengi huiita bora ya aina yake, na kama unahesabu ukubwa, mapigano na ubishi wa wahusika baina yao, sioni wa kuwapinga. Mji wa Athkatla una visa vya kutosha likizo mbili. Unapohitaji msaada wa kumwokoa Imoen, mtu mmoja aitwaye Gaelan Bayle anakutajia bei ya vipande 20,000 vya dhahabu, na hapo benchi lilifurahi sana, maana hilo tulilielewa bila mkalimani: ni harambee. Tukazunguka mji mzima tukichangisha kwa upanga, mpaka alipopunguza bei yake hadi 15,000.

Lakini tazama inavyoanza. Kikosi chako kimetekwa na mchawi Irenicus, mmefungiwa kwenye pango lake. Imoen yuko, Minsc yuko ndani ya kizimba, Jaheira yuko. Khalid ameuawa, na Jaheira anaupata mwili wake humo humo. Dynaheir naye ameuawa. Watengenezaji waliamua hivyo kwa ajili ya hadithi, na kwa mchezaji mmoja mwenye vinyago sita ni huzuni ya wastani. Kwetu, wavulana wawili waliokuwa na viti vyao tangu mwaka uliopita walisimama kutoka kwenye benchi. Mmoja alikuwa pacha, na nduguye aliyebaki na Jaheira ndiye aliyetakiwa kujibu ujumbe wa kifo. Nilisoma sehemu ile nikitafuta maneno laini. Yule wa Dynaheir alipewa mtu mwingine baada ya siku chache. Pacha wa Khalid alipewa Yoshimo, mwizi mcheshi anayejiunga humo pangoni. Aliyecheza anajua Yoshimo anachokufanyia baadaye.

Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Phase 2 anasema ya kwanza inaipita ya pili kwa mbali, na anakutajia uzuri wa misitu na uhuru wa kutembea, msikilize kwa heshima lakini ujue anazungumzia nini.

Icewind Dale, iliyotoka katikati ya 2000, iliwaponya wale wawili waliofiwa na watu wao. Humo hakuna wenzako wa kuandikiwa; unawaunda wote sita mwenyewe, na ndani ya gemu hawasemezani hata neno. Wahakiki waliona hilo ni upungufu. Kwetu lilikuwa jambo la haki: kila mvulana aliunda mtu wake, akampa jina alilotaka, na hakuna mwandishi wa mbali wa kumuua kati ya sehemu ya kwanza na ya pili. Theluji tupu mwanzo mwisho, kwa watoto ambao baridi yao kubwa ni ya Julai. Ni gemu ya kupigana na kupigana tena, na msomaji hana kazi. Niliutumia muda huo kufanya hesabu za shule. Fallout mbili za 1997 na 1998 zilipita haraka, kwa kuwa wenzako humo wanajiongoza wenyewe, na yule Ian wa ile ya kwanza alipewa bunduki ya risasi nyingi akawa anatupiga mgongoni.

Torment ni yangu. Ilitoka Desemba 1999, Chris Avellone akiwa kiongozi wa uandishi, na ndani yake mna maneno yanayokadiriwa kufika 800,000. Mtu anaamka kwenye meza ya chumba cha maiti, hana jina, hajui ni nani, na hawezi kufa. Maisha aliyokwisha kuyaishi yameandikwa kwa chale mgongoni mwake, na wa kwanza kumsomea ni fuvu linaloelea hewani. Vita unaweza kuvikwepa mara nyingi kwa maneno. Wavulana walichoka siku ya tatu. Dereva alikuwa akibonyeza tu, mmoja mmoja wakaenda nje kupiga mpira, wakabaki pacha wa Khalid na mtoto wa Boo, na mimi nikishika mausi na kusoma hadi koo likauke. Dak'kon, yule mpiganaji ambaye upanga wake hubadilika kufuatana na mawazo yake, ana kitabu cha mafundisho cha duara kinachofunguka tabaka kwa tabaka. Nilikitafsiri chote. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa zoezi gumu kuliko lile, na leo nalipwa kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Basi kila nikisema Torment ndiyo bora kuliko zote, kaka yangu hunikumbusha kwamba ilikuwa gemu ya pekee ambayo mimi ndiye niliyekuwa dereva. Ni kweli. Bado ndiyo bora.

Sasa hao wa Final Fantasy. Vibanda vya PlayStation vilikuwa tele Umoja, Kayole na Dandora: runinga ndogo, viti vya plastiki, pazia mlangoni, na malipo kwa kila mchezo. Pambano la Tekken 3 linaisha kwa dakika chache, aliyeshindwa anainuka, mwenye kibanda anapokea sarafu nyingine. Final Fantasy VII ya 1997 ina CD tatu na inataka makumi ya saa, na mtu mmoja tu ndiye anayekalia kiti. Hakuna mwenye kibanda ambaye angeivumilia. Ndiyo maana gemu za kikosi, kwa maoni yangu, zilikulia Eastlands kwenye ofisi za kupiga chapa na nyumba chache zenye kompyuta, na vibanda vikawa vya mpira na ngumi. Waliobahatika kucheza Final Fantasy walikuwa watoto wa wenye vibanda, baada ya kufunga, wakihifadhi safari yao kwenye kadi yenye nafasi 15 ambazo wateja wa mchana walizifuta ili kuweka ligi zao. Wote wanakuhadithia kifo cha Aerith mwishoni mwa CD ya kwanza kana kwamba ni msiba wa ukoo. Nawapa pole. Lakini kikosi cha vitani humo ni watu watatu, na watatu si benchi.

Saiba zilipoenea, tulijaribu kuicheza Baldur's Gate inavyoruhusu, kompyuta sita zimeunganishwa, kila mtu na mausi yake. Bei ilikuwa shilingi moja kwa dakika. Piga hesabu, ni 360 kwa saa kwa kikosi kizima, pesa ya kulisha nyumba. Na haikunoga. Mmoja akianza mazungumzo na mtu wa ndani ya gemu, wengine watano mchezo umesimama, kila mmoja anakodolea kioo chake akiilipia dakika yake. Hakuna kura, hakuna wa kumshusha. Kabla ya saa kwisha wavulana walikuwa wamehamia Counter-Strike.

Nyaya za baharini zilitua Mombasa mwaka 2009, intaneti ikashuka bei, na biashara ya CD za maka ikaanza kufifia. Watu wakawa wanakwenda duka la muvi na flashi, wanawekewa. Ofisi ya jirani sasa ni ya wakala wa M-Pesa. Torment ilirudi 2017 ikiwa imeboreshwa na kuweza kuingia kwenye simu, nami nimeicheza nikiwa nimekwama Jogoo Road, na safari hii Morte, lile fuvu, ana sauti ya Mwamerika.

Ya tatu ya Baldur's Gate ilitoka Agosti 2023, kazi ya Larian ya Ghent, Ubelgiji. Inataka gigabaiti 150 za nafasi na kikosi chake ni cha wanne. Kaka yangu ameinunua kihalali, jambo analotutangazia sana. Yule wa Boo, ambaye sasa ni mhandisi na ndiye mrefu kuliko wote, ameimaliza. Ndiye aliyetupa habari kwamba Minsc yumo, na panya wake yumo, na Jaheira yumo, mzee sasa, mvi kichwani, na kwamba ukizungumza naye vizuri anamtaja marehemu mumewe. Pacha wa Phase 2 aliuliza kama kuna namna yoyote ya kumfufua. Akaambiwa hakuna. Akasema basi hainunui, na kwamba ya kwanza inaipita hata hii.